Kufinyanga chetezo cha kwanza bila gurudumu wala tanuri

Wanaoanza kufinyanga hapa Tanga huuliza maswali yaleyale: udongo nichimbe wapi, mbona changu kimepasuka motoni, bila tanuri nitachomaje? La mwisho, ambalo lilipaswa kutangulia, ni hili: nitengeneze umbo gani? Mwongozo huu unayajibu yote kwa kitu kimoja, mwanzo hadi mwisho: chetezo cha mguu, cha kufukizia ubani na udi.

Chetezo kinamfaa anayeanza. Ni kidogo, kinakula udongo kama kilo moja, na hakihitaji kushika maji kama mtungi. Udhia wake ni mmoja: kila kikitumika kinatiwa kaa la moto. Kwa hiyo mchanganyiko wa udongo ndio kazi yenyewe, na humo ndimo wengi wanamoharibu.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Udongo wa mfinyanzi, mkavu, kilo 5. Unatosha vyetezo vinne, vipande vya majaribio na akiba kidogo.
- Vigae vya vyungu vilivyovunjika, kilo 2. Waulize wauza vyungu sokoni. Vilivyovunjika njiani huwa wanavitupa. Vigae vya sakafu havifai.
- Ndoo mbili, gunia safi, na kipande cha chandarua cha zamani cha kuchujia.
- Chujio la chai la waya, la kuchekechea vigae.
- Nusu ya kifuu kikubwa cha nazi, mdomo wa sentimita 11 au 12, na kitambaa chepesi cha kutandika ndani yake.
- Uzi wa katani wa sentimita 40, uliofungwa kijiti kila upande. Huu ndio kisu chako cha kukatia udongo.
- Kombe la chaza au kijiko cha kukwangulia, kokoto laini la mtoni, msumari na rula.
- Siki kidogo.
- Za kuchomea: makumbi ya nazi magunia mawili, kuni kavu mizigo miwili, vifuu, samadi kavu ya ng'ombe ukiipata, na mabati chakavu matatu au manne.

Umbo kwanza

Usianze kwa kutafuta picha kwenye simu. Picha inakuonyesha sura tu. Haikuambii kwa nini ukingo umenenepeshwa au tundu limewekwa pale. Chukua daftari uzunguke jikoni kwako, kisha nenda kwa fundi bati yeyote wa Ngamiani. Ukishika kitu, jiulize: fundi alikuwa na tatizo gani hapa, na amelimalizaje kwa gharama ndogo? Chukua akili ya kitu, sura yake iache.

Kibatari, kwa mfano. Ukingo wa bati umekunjwa kwa ndani ili usikate mkono, na mkunjo huohuo ndio unaolizuia bati lisijikunje. Kwenye udongo, ukingo mwembamba hukauka haraka kuliko mwili, na hapo ufa unaanza. Somo ni kwamba ukingo wa chetezo uwe mnene kuliko ukuta wake.

Jiko la mkaa la bati lina mlango wa hewa chini na matundu chini ya makaa, kwa sababu linataka moto mkali. Chetezo kinataka kinyume chake. Kaa likipata hewa nyingi kutoka chini, ubani unaungua badala ya kufuka, na chumba kinajaa harufu kali ya kuungua. Matundu ya chetezo yakae ubavuni, juu ya usawa wa majivu. Vyetezo vingi vya wanaoanza vina matundu kitakoni kwa sababu mtu ameiga jiko bila kuuliza jiko linataka nini.

Kata ya kifuu ni ya kutazamwa kwa makini zaidi. Mpini unapita kwenye matundu mawili, moja kila upande wa kifuu, na umekaa bila gundi wala msumari. Ukitaka chetezo kisichounguza vidole, toboa hivyo hivyo kwenye mguu, mahali pa mti wa kushikia utakaoupitisha baada ya kuchoma. Kumbuka udongo unanywea: kwa mti wa milimita 10 toboa tundu la milimita 12.

Kawa la kufunikia chakula linaacha mvuke upite huku likizuia nzi. Dema la wavuvi lina matundu mengi na bado ni imara, kwa kuwa kila ufito unabanwa na wenzake. Ukitaka chetezo chenye matundu mengi ubavuni, tazama dema uone nafasi iliyoachwa kati ya tundu na tundu. Kwenye udongo nafasi hiyo isipungue upana wa tundu lenyewe.

Ukipata nafasi, nenda Tongoni, kusini ya mji kwa barabara ya Pangani. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya zaidi ya miaka 500, na kwenye baadhi utaona vishimo vya duara vilivyowekewa mabakuli ya kigeni kuwa pambo la ukuta. Bakuli la kulia likageuzwa nakshi ya jengo. Ubunifu wa namna hii ndio wa kujifunza. Vigae vya kale vya pwani hii, vya karne ya 6 hadi ya 10 hivi, vingi vina mistari ya pembetatu iliyochorwa shingoni kwa ncha kali. Chora unachokiona, lakini usiokote hata kigae kimoja magofuni: vitu hivyo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kigae kikishaondolewa mahali pake hakimwambii mtafiti chochote.

Rudi nyumbani uchore chetezo chako kwa vipimo. Cha kuanzia: urefu sentimita 14, mdomo 12, kitako cha mguu 9, kina cha bakuli 6. Hivyo ni vipimo vya udongo mbichi. Kikishachomwa utapata pungufu kidogo.

Kazi yenyewe

1. Pata udongo. Tafuta kwenye mabonde ya mpunga, kingo za vijito, au kichuguu kilichohamwa na mchwa. Omba ruhusa kwa mwenye shamba. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, chimba chini yake. Epuka maeneo mawili: kwenye mikoko, kwa sababu ya chumvi, na popote unapoona vipande vya matumbawe au makombe madogo ndani ya udongo. Huko nyuma ya fukwe zetu vipande hivyo ni vingi, na sababu ya kuviogopa iko mbele.

2. Ujaribu kabla ya kubeba gunia zima. Majaribio matatu:

Lowesha konzi moja, kanda, viringisha kamba ya unene wa penseli, izungushe kwenye kidole. Ikipasuka-pasuka, udongo una mchanga mno. Ikizunguka bila ufa, endelea.

Tia siki juu ya kipande kikavu. Kikitoa povu kina chokaa. Achana nacho, tafuta kwingine.

Tengeneza ubao mdogo wa udongo, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, uache ukauke kabisa. Pima tena. Ukibaki sentimita 9.3, udongo umenywea asilimia 7, nao ni mzuri. Ukishuka chini ya 9, ni mnono mno, yaani unanywea kupita kiasi; utahitaji vigae zaidi.

3. Safisha. Twanga udongo mkavu, umwage kwenye ndoo ya maji baridi, usiuguse kwa siku moja. Udongo mkavu hunyonya maji na kujimumunya wenyewe. Ukiulowesha ukiwa nusu mbichi unabaki na mabonge kwa wiki nzima. Koroga, pitisha kwenye chandarua kilichokunjwa mara mbili, acha utuame, mwaga maji ya juu. Kama una wasiwasi wa chumvi, tia maji mapya na umwage mara tatu. Kisha tandaza rojo juu ya gunia kivulini hadi liweze kukandika bila kunata vidoleni.

4. Saga vigae, changanya. Twanga vigae kwenye kinu cha zamani, ukiwa umefunga kitambaa puani, kwani vumbi lake ni baya kwa mapafu. Chekecha kwa chujio la chai. Kipimo ni kikombe 1 cha vigae kwa vikombe 4 vya udongo mkavu. Udongo mnono uliovuka asilimia 10 kwenye jaribio, weka kikombe 1 kwa vikombe 3.

Vigae vimeshapita motoni, havinywei tena. Vinafungua njia ndogo za mvuke kutokea, na ufa mdogo ukianza unakwama kwenye chembe ya kigae. Chungu kisicho na vigae wala mchanga hakivumilii moto wa wazi. Ukikosa vigae tumia mchanga wa mtoni. Mchanga wa baharini usiutumie kamwe, una makombe yaliyosagika.

5. Kanda. Dakika 15 bila kuona haya. Kata bonge katikati kwa uzi wa katani, tazama ndani: ukiona vishimo vya hewa au mistari ya rangi mbili, unganisha na uendelee. Gawa mabonge ya kilo moja moja, yafunike kwa kitambaa kilicholowa.

6. Bakuli. Tandika kitambaa ndani ya kifuu. Chukua nusu ya bonge, libonyeze humo kuanzia katikati ukipanda juu, hadi ukuta uwe na unene wa milimita 8 na kitako milimita 10. Pima kwa kuchoma msumari. Tundu lake lizibe.

Bonyeza ndani ya kifuu, usifunike juu yake. Udongo ukinywea ndani ya kifuu unajitenga nacho wenyewe. Ukiuweka kwa nje, unanywea huku kifuu hakisogei, na utapasuka asubuhi yake.

Acha kivulini saa tatu hadi sita, hadi kishikike bila kubonyea, kisha kitoe.

7. Mguu. Kwa udongo uliobaki viringisha kamba za unene wa kidole cha mwisho. Zungusha duara la sentimita 9, panda nyingine juu yake, kila duara likiwa dogo kidogo, hadi urefu wa sentimita 7 na mdomo wa juu wa sentimita 5. Kila kamba ukishaiweka, kokota udongo wake kwa kidole uingie kwenye kamba ya chini, ndani na nje. Wengi hulainisha nje tu kwa kuwa ndiko kunakoonekana; mguu huo utaachana motoni kamba kwa kamba. Ndani ubaki mtupu, wazi kwa chini.

8. Unganisha. Subiri bakuli na mguu vifikie ugumu wa sabuni ya mche: havibonyei, lakini ukucha unaweka alama. Viwe sawa kwa unyevu. Hapa ndipo vyetezo vingi hufia, kwa sababu mtu amebandika mguu mbichi kwenye bakuli lililoanza kukauka. Chanachana pande zote mbili kwa msumari, paka tope zito la udongo uleule, bonyeza huku ukizungusha kidogo, kisha zungushia kamba nyembamba kwenye maungio na kuilainisha. Maji matupu hayaunganishi kitu.

9. Ukingo, matundu, nakshi. Ongeza kamba moja mdomoni, ikunje kwa nje, iache na unene wa milimita 12. Toboa matundu manne hadi sita ya sentimita moja ubavuni, sentimita 3 juu ya kitako cha ndani. Mguuni, kama ulipanga mti wa kushikia, toboa sasa.

Nakshi ina saa zake. Ukitaka alama ya ukili, bonyeza kipande cha mkeka siku ileile ya kufinyanga, udongo ungali laini. Mistari na pembetatu za msumari zinatoka safi kwenye ugumu wa sabuni. Kung'arisha kwa kokoto kunafuata: sugua polepole bila maji hadi mng'aro utokee. Fanya kimojawapo au viwili. Chetezo chenye ukili, pembetatu, matundu ya nyota na jina la mwenyewe kinachosha macho, na kila mchoro wa kina ni mahali pa ufa kuanzia. Kina kisizidi milimita 2.

10. Kausha. Kivulini, mbali na upepo, juu ya vijiti ili hewa ipite chini. Siku mbili za kwanza kifunike kwa ndoo iliyopinduliwa, kisha kigeuze mdomo chini. Kiangazi cha Januari na Februari wiki moja inatosha. Wakati wa masika hesabu wiki tatu. Kiguse kwa shavu: kikiwa baridi kuliko hewa, bado kina maji.

11. Choma. Chagua uwanja wazi, angalau mita 10 kutoka paa lolote la makuti, na ndoo mbili za maji karibu. Upepo wa baharini hupungua jua likizama, kwa hiyo ratiba nzuri ni kupasha joto kuanzia saa kumi alasiri na kuwasha moto mkubwa saa kumi na mbili jioni. Giza litakusaidia pia kuona rangi ya vyungu.

Washa moto mdogo wa makumbi, panga vyetezo kuuzunguka kwa umbali wa hatua moja, uvigeuze na kuvisogeza kila robo saa kwa saa mbili. Shika kipande cha kioo juu ya mdomo wa chetezo: kikipata ukungu, endelea kupasha. Maji yaliyojificha yakigeuka mvuke ghafla ndiyo yanayolipua chungu. Hewa peke yake hailipui.

Kioo kikibaki kikavu, tandaza majivu ya moto, weka vigae vikubwa juu yake, panga vyetezo kifudifudi bila kubanana, vifunike kwa vigae vingine, kisha makumbi na samadi. Zungushia mabati upande wa upepo. Nusu saa ya kwanza moto uwe wa kufuka. Ndipo ongeza kuni, na vifuu mwisho kabisa, kwani vinawaka kwa ukali. Unachotafuta ni vyetezo vyenyewe kuonyesha wekundu hafifu kati ya makaa, kama nyuzi 650 hadi 700. Ushikilie wekundu huo dakika 20 au 30, kisha funika kwa majivu na uende kulala. Usifunue hadi asubuhi. Matairi na plastiki visiingie motoni: moshi wake ni sumu.

Kikiharibika

*Kimelipuka vipande vidogo.* Kilikuwa na maji, au ulikurupuka kuongeza kuni. Rudi kwenye kioo.

*Ufa mrefu kutoka mdomoni kwenda chini.* Ukingo ulikuwa mwembamba, au upande mmoja ulipigwa na upepo. Kama ufa ulionekana kabla ya moto, kosa liko kwenye kukausha.

*Mguu umeachia.* Unyevu haukulingana kwenye hatua ya 8. Ukiachia kabla ya kuchoma, usijaribu kubandika. Loweka vyote uanze upya, udongo mbichi haupotei.

*Madoa meusi.* Ni moshi na makaa yaliyogusa ukuta. Si kasoro, na wapo wanaoyapenda. Usiyapake rangi.

*Wiki mbili baadaye vibanzi vinaruka na kuacha nukta nyeupe.* Ni matumbawe au makombe yaliyogeuka chokaa hai motoni, sasa yanakunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Hakuna tiba. Badili udongo.

*Unga mweupe juu ya ukuta, haurukiruki.* Ni chumvi. Osha udongo zaidi kwenye hatua ya 3.

*Ukikigonga kinatoa mlio wa kuziba, na maji yanakilainisha.* Hakikuiva. Kama hakina ufa na hakijaloa, kichome tena kuanzia mwanzo, pamoja na saa mbili za kupasha.

*Kimepasuka siku ya kwanza ya kufukiza.* Kaa liliwekwa moja kwa moja kwenye udongo. Tia kwanza majivu yaliyochekechwa, kina cha sentimita 2, kisha kaa moja dogo. Na dirisha liwe wazi, kwani mkaa katika chumba kilichofungwa unaua.

*Ubani unaungua haraka na kunuka vibaya.* Kaa lina moto mno au lina hewa nyingi. Ngoja livae majivu meupe, lifukie nusu, na uweke ubani pembeni ya kaa badala ya juu yake. Kama bado, ziba matundu mawili kwa tope la udongo na majivu. Tope hilo litadumu mara chache tu, lakini litakuonyesha idadi ya matundu ya kutoboa kwenye chetezo kinachofuata.